Hesabu ya Watatu

Barabara itokayo Mbeya kwenda Iringa huteremka kwanza hadi tambarare za Usangu, ikapita Chimala na Igawa, kisha ikapanda tena Makambako, mji wa upepo na baridi, na kutoka hapo ikafuata misitu ya misonobari ya Mafinga hadi chini ya kilima kinachobeba mji wa Iringa. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita mia tatu. Mwalimu mmoja wa kike, mzaliwa wa Rungwe aliyeolewa Uheheni, ameupita mwendo huo mara nyingi kiasi cha kutohitaji kuchungulia dirishani ili ajue alipo. Lakini safari moja ya Septemba 2019 aliipita akiwa amelishika tumbo lake kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba chungu chenye ufa. Ndani ya tumbo lile alikuwamo mmoja aliye hai na wawili waliokwisha kufa, na katika basi zima hapakuwa na aliyejua ila yeye na mumewe.

Jina lake halitatajwa hapa. Kisa chake chatosha, kwani kinagusa jambo ambalo lugha yetu haijalipatia hata neno lililozoeleka. Waganga wa hospitali huliita kupunguza vijusi. Ni kitendo cha kusimamisha moyo wa kijusi kimoja au zaidi katika mimba ya wengi, ili waliobaki wapate nafasi ya kukua na mama apate nafasi ya kuishi.

Watu wa pwani ni watu wa hesabu. Mshororo wa tarbia una mizani kumi na sita, nane huku na nane kule, na ikipungua moja tu, sikio la mjuzi hushituka kabla akili haijajua kilichoharibika. Mwalimu huyu hakuwa mshairi, ila yeye pia alikuwa na hesabu iliyopungua, na kwa muda mrefu alijaribu kuisoma kana kwamba imetimia.

Alikuwa ameolewa miaka tisa. Mara mbili alishika mimba, na mara mbili ilitoka katika mwezi wa tano, bila uchungu mwingi, kama mlango uliosahauliwa wazi. Daktari alimweleza kwamba mlango wa kizazi chake ni mlegevu, hauwezi kustahimili uzito. Kisha ikaja miaka minne mitupu. Ndipo mume na mke walipouza shamba la miti la Mufindi na kwenda India kutafuta mtoto kwa njia ya maabara, njia iliyoanza kuzaa matunda Uingereza mwaka 1978 na ambayo Afrika Mashariki ilikwisha kuijua, Uganda tangu 2004 na Kenya tangu 2006.

Viinitete viwili viliwekwa katika mji wa mimba. Kimoja kilijigawa. Wiki ya saba, kwenye kioo cha ultrasaundi, palionekana mioyo mitatu ikipwita: mmoja peke yake katika chumba chake na kondo lake, na wawili wakishirikiana kondo moja. Mume alicheka kwa furaha. Mke alimtazama daktari, akaona kwamba yeye hacheki.

Yaliyofuata ni hesabu nyingine. Mimba ya mtoto mmoja huchukua wiki kama thelathini na tisa au arobaini, ya pacha thelathini na tano au thelathini na sita, na ya watatu thelathini na mbili hivi, tena kwa mama mwenye mlango imara. Kila anapoongezeka mmoja, huongezeka pia hatari ya kifafa cha mimba, ya kutoka damu nyingi baada ya kuzaa, na ya watoto kuzaliwa njiti, wakiwa na mapafu yasiyokomaa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata mtindio wa ubongo. Nyumbani hesabu ilikuwa nzito zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya takwimu za nchi 30 za Afrika kusini mwa Sahara, ulionesha kwamba karibu pacha mmoja katika kila watano hakufikia umri wa miaka mitano, kiasi cha mara tatu ya watoto waliozaliwa peke yao. Hao ni wawili wawili. Na yeye alikuwa na watatu, juu ya mlango uliokwisha kumwangusha mara mbili kwa mmoja mmoja.

Njia ya kupunguza ilianza kuandikwa katika majarida ya tiba miaka ya themanini. Mwaka 1986 madaktari wawili wa Ufaransa, Yves Dumez na Jean-François Oury, walieleza namna ya kuifanya katika miezi mitatu ya kwanza.  Kati ya wiki ya kumi na moja na ya kumi na nne, sindano nyembamba hupitishwa katika ukuta wa tumbo huku daktari akiiongoza kwa picha, na kloridi ya potasiamu kidogo hudungwa katika moyo wa kijusi. Moyo husimama kwa dakika chache.

Lakini wanaoshirikiana kondo moja hawatenganishiki hivyo. Mishipa yao ya damu imeunganika ndani ya kondo, na dawa aliyodungwa mmoja yaweza kumfikia mwenzake. Hata asipofikiwa nayo, damu yake yaweza kukimbilia upande wa aliyekufa, naye akafa au akaumia ubongo. Kwa hiyo daktari aliweka mbele yao njia nne. Kuacha wote watatu. Kumwondoa yule wa peke yake na kuwaacha wawili wa kondo moja, ambao nao wana hatari zao. Kuuziba kwa joto mshipa wa kitovu wa mmoja wa wale wawili, kazi ngumu zaidi na yenye hasara kubwa zaidi. Au kuwasimamisha wawili wale pamoja na kumwacha mmoja.

Aliposikia kwamba wawili hawatenganishiki, mwalimu alikumbuka Tosamaganga.

Tarehe 6 Juni 2018 alikuwa miongoni mwa umati uliofurika huko, kilomita chache kutoka Iringa mjini, kuwazika Maria na Consolata Mwakikuti. Wasomaji wengi wanawakumbuka. Walizaliwa Makete mwaka 1996 wakiwa wameungana kiwiliwili, wakawapoteza wazazi wangali wadogo, wakalelewa na watawa wa Consolata. Walisoma msingi na sekondari, wakaingia Chuo Kikuu cha Kikatoliki Ruaha mjini Iringa wakitaka kuwa walimu, na walifariki tarehe 2 Juni 2018 wakiwa na umri wa miaka 21. Walipoulizwa na waandishi wa habari kama wangependa kutenganishwa, walikataa. Walizikwa katika jeneza moja. Hata hivyo hakuna aliyesema amefariki msichana. Nchi nzima ilisema wamefariki wasichana, na ikawataja kwa majina mawili.

Mwalimu alilala na sura hiyo usiku kucha. Asubuhi alimwambia mumewe: "Baba, hawa wawili siwezi kuwagawa. Nikimwacha mmoja nitamwua kwa kifo cha mwenziwe. Na wote watatu siwezi kuwabeba." Mumewe alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba tumbo si lake, ila majonzi yatakuwa ya wote wawili. Katikati ya Agosti 2019, wiki ya kumi na mbili, ikafanywa.

Hakulazwa zaidi ya siku moja. Maumivu yalikuwa ya kubana, kama ya siku za mwezi, na matone machache ya damu. Aliambiwa asinyanyue mizigo, asikutane na mumewe kwa majuma mawili, na akimbilie hospitali akiona homa, maji yakivuja, au damu nyingi. Mlango wa kizazi ulishonwa uzi. Alielezwa pia hatari iliyo kubwa kuliko zote, kwamba mimba nzima yaweza kutoka. Katika mikono yenye uzoefu, kwa mimba za watatu, huwa ni kama tano katika mia, ikizidi ama kupungua kidogo, na wiki chache za kwanza ndizo za kuogopwa zaidi.

Jambo moja hakulitarajia. Alidhani wale wawili wangetolewa. Akaambiwa hapana, hawatolewi, kwani kuwatoa ni kumtoa na aliyebaki. Wangekaa humo humo, maji yao yakinywewa na mwili, miili yao ikisinyaa, hadi siku ya kuzaa. Tangu siku hiyo, asema, alijihisi kuwa ni nyumba yenye msiba katika chumba kimoja na mtoto anayecheza katika chumba cha pili, naye mwenye nyumba hana ruhusa ya kulia kwa sauti.

Ruhusa hiyo aliinyimwa na nini? Kwanza na hofu ya sheria. Alikofanyiwa sheria iliruhusu; nyumbani, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika vifungu vya 150 hadi 152 inaadhibu kuharibu mimba, huku kifungu cha 230 kikimkinga afanyaye upasuaji kwa nia njema na uangalifu ili kuokoa maisha ya mama. Juu ya mimba ya wengi inayopunguzwa ili iendelee, haisemi neno. Penye ukimya wa sheria, mtu mwoga husikia hukumu. Pili, na hofu ya watu. Kanisa alilokulia lilikuwa na sala ya mtoto aliyezaliwa na sala ya maiti, lakini hakuijua sala ya hawa. Ndugu zetu wa pwani nao wanayo siku ya mia na ishirini, ambayo kwa wanazuoni wengi ndiyo roho hupulizwa, na kwayo hupima uzito wa yaliyotangulia na yaliyofuata. Kila watu wana kipimo chao. Yeye hakuwa na nguvu ya kumwuliza mtu yeyote kipimo kinasemaje, akaamua kunyamaza.

Basi aliporudi Mbeya na kuanza kliniki, muuguzi alipomuuliza habari za mimba alijibu kwamba ni ya tatu, ya mtoto mmoja, na hakuna tatizo. Kadi ikajazwa hivyo. Uongo huo ulikuwa mdogo kwa maneno, na mkubwa kwa madhara yake. Mama aliyepunguziwa vijusi huwa na damu inayopotosha vipimo: ile protini inayopimwa kutafuta kasoro za uti wa mgongo wa mtoto hupanda kwa sababu ya waliokufa, na daktari asiyejua atamtafutia ugonjwa mtoto aliye mzima. Matone ya damu nayo yana maana moja kwa mwenye historia hiyo na maana nyingine kwa asiye nayo. Na uzi ulioshonwa katika mlango sharti ukatwe kabla ya uchungu. Yote hayo yalikuwa nje ya kadi.

Ndipo ilipokuja ile safari ya Septemba. Mama mkwe alikuwa mgonjwa Iringa, na mkwe mwema haulizi kama barabara ni ndefu. Karibu na Makambako alihisi umajimaji. Alipoteremka kujitazama, ilikuwa damu nyekundu, ya kutosha kulowesha kanga. Mumewe akasimamisha bajaji, wakaenda katika kituo cha afya kilicho karibu. Mkunga aliyekuwa zamu alikuwa mama wa makamo, Mbena, aliyewapokea kwa "kamwene" kabla ya kutazama kadi.

"Mimba ya ngapi, mama?"

"Ya tatu."

"Waliozaliwa hai?"

"Hakuna."

"Na hii ni ya mmoja?"

Mwalimu hakujibu. Mkunga aliiweka kalamu mezani, akavuta kiti karibu na kitanda. "Mwanangu," akasema, "mimi sikuulizi ili nikuhukumu. Nauliza ili nijue damu hii yatoka wapi. Usiponiambia, nitatafuta gizani, na aliye tumboni hana muda wa kunisubiri."

Akamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema maneno yale kwa Kiswahili. Huko India yalisemwa kwa Kiingereza, na Kiingereza kilikuwa kimeyafunika kama shuka. Kwa Kiswahili yalitoka uchi: walikuwa watatu, wawili niliwaacha wafe. Alilia kwa mara ya kwanza tangu Agosti. Mkunga hakumnyamazisha. Alipomaliza, alimpeleka kwenye ultrasaundi. Moyo mmoja ulikuwa unapiga. Pembeni, palipokuwa na kondo la wawili, palikuwa na bonge la damu iliyoganda, ndilo lililokuwa likivuja. Aliamriwa alale wiki mbili asisafiri. Mkunga akaichukua kadi, na pale palipoandikwa kwamba hakuna tatizo akaandika maneno machache ya kitaalamu, akapiga mstari chini yake. "Kila atakayekushika asome," akasema.

Watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 1995 majibu ya wanawake waliopitia kitendo hiki. Wengi walikumbuka maumivu makali ya moyo siku ile, na wengi waliomboleza. Kwa walio wengi majonzi mazito hayakudumu, na zaidi ya tisa katika kumi walisema wangeamua vivyo hivyo. Ila wapo ambao huzuni na hatia viliendelea kukaa nao. Takwimu hizo mwalimu alizisoma baadaye, zikamfariji kiasi. Lakini zilitoka kwa wanawake walioishi mahali ambapo jambo lina jina na lina mlango wa kuulizia. Mahali ambapo halina jina, kuomboleza kwenyewe hukawia kuanza.

Mtu wa pili kuambiwa alikuwa bibi yake, Tukuyu. Bibi alizaliwa miaka ile ile ambayo Godfrey na Monica Wilson walikuwa wakiishi kati ya Wanyakyusa, 1934 hadi 1938, wakiandika mila zao. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1957 juu ya matambiko ya ukoo, Monica Wilson alieleza jinsi uzazi wa pacha ulivyoogopwa: wazazi walitengwa, na ukoo wote, hata ng'ombe, ukatiwa dawa ili hatari ile isiwadhuru. Mgeni akisoma leo ataona ushirikina na ukatili. Bibi aliona lingine. Alisema wao hawakuwachukia pacha. Waliogopa uzazi uliozidi kipimo. Na kwa kuwa waliogopa wote, walikunywa dawa wote. Hapakuwa na mama aliyeachiwa hofu yake peke yake.

Kisha akatafakari kidogo, akasema: "Mjukuu wangu, dawa ya waliozidi tulikuwa nayo. Ya waliopungua sikuwahi kuisikia. Lakini usiniambie una mtoto mmoja. Una watatu, mmoja anakuja."

Hilo ndilo neno lililomponya, kama kupona ni neno linalofaa hapa. Bibi hakumwambia kwamba alitenda sawa, wala hakumwambia kwamba alikosea. Alimrudishia hesabu yake. Hata Tosamaganga, labda, watu walifanya hivyo hivyo: mwili ulikuwa mmoja, kaburi moja, lakini kila aliyesimama pale alihesabu mbili, na hesabu hiyo ndiyo iliyokuwa heshima yao.

Uzi ulikatwa wiki ya thelathini na sita kwa kuwa ulikuwa umeandikwa katika kadi. Mtoto wa kike alizaliwa Mbeya katikati ya Februari 2020, wiki ya thelathini na nane, akiwa na kilo mbili na gramu mia tisa. Kondo lilipotoka, mkunga aliyekuwa amesoma kadi aliligeuza polepole chini ya taa. Pembeni mwa kondo kubwa palikuwa na kipande kikavu cha rangi ya majivu, na juu yake vitu viwili vidogo vilivyobapa, vyembamba kama karatasi. Alimuuliza mama kwa sauti ya chini kama anataka kuona. Mama akasema ndiyo. Aliwatazama muda mfupi tu. Hawakuwa na sura ya kutisha, asema. Walikuwa wamelaliana, mmoja juu ya mwenzake.

Washairi wa pwani wana tanzia, na tanzia hutungiwa mwenye jina. Wawili hawa hawakupewa majina, na mama yao hajataka kuwatungia sasa, kwani aona ni kujifanya anawajua kuliko alivyowajua. Anachofanya ni kidogo zaidi. Baada ya uzazi ule alishika mimba nyingine, safari hii bila maabara, naye akaenda kliniki nyingine, kwa muuguzi mwingine, kijana asiyemjua. Akaulizwa mimba ya ngapi, akajibu ya nne. Akaulizwa kama kuna pacha katika historia yake. Mumewe, aliyekuwa amekaa ukutani na binti yao mapajani, aliinua kichwa.

"Walikuwa watatu," akasema mwalimu. "Andika watatu, nitakueleza."